Biashara ya Binti Yangu Ilikuwa Haionekani

Huenda nawe unaye kijana nyumbani aliyemaliza chuo, akakataa kukaa bure, akanunua kompyuta ya mkononi kwa mkopo na kufungua ofisi ya kutengeneza programu. Huenda umekwisha kumwona anavyokesha, ukajiuliza kimoyomoyo kwa nini mtu mwenye bidii namna ile hapati wateja. Nataka tuzungumze juu ya jambo hili kwa sababu nimeliona nyumbani kwangu, na kwa sababu wengi wetu akina mama tunadhani mambo ya kompyuta hayatuhusu. Yanatuhusu sana. Tena ipo sehemu ya kazi ile ambayo mama aliyezoea kusikiliza watu anaweza kuifanya vizuri kuliko mhitimu wa chuo kikuu.

Mimi ni muuguzi hapa Morogoro, na kazi hii nimeifanya kwa miaka ishirini na ushee. Nje ya zamu nahudumu kanisani katika umoja wa wanawake. Binti yetu wa kwanza alisoma Mzumbe, mambo ya teknolojia ya habari, na alipohitimu akaungana na wenzake wawili wakapanga chumba kimoja Kihonda. Wanatengeneza programu kwa ajili ya watu wa kipato cha kawaida: duka la dawa lijue dawa ipi imebaki na ipi inakaribia kwisha muda wake, zahanati binafsi itunze kumbukumbu za wagonjwa, kikoba kijue nani amenunua hisa ngapi na nani anadaiwa. Ile ya duka la dawa niliitazama kwa macho ya muuguzi, na sikuona kasoro ya kunitia hofu.

Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja na nusu walikuwa na wateja sita tu, na wanne kati yao ni watu tunaofahamiana nao kanisani au kazini kwangu. Kodi ya chumba inalipwa kwa miezi sita sita. Mdogo wake alikuwa anajiandaa kuingia kidato cha tano. Baba yao, ambaye si mtu wa maneno mengi, akasema mezani siku moja, "Mwanangu, nakupa hadi Desemba. Januari ikifika bila mabadiliko, utaomba ajira serikalini kama wenzako." Binti hakujibu. Alitoa vyombo, akaviosha, akaenda kulala. Nilijua kwamba chumba kile kikifungwa, wale vijana watatu watatawanyika kila mmoja na njia yake, na sikuona ni kitu gani kingewakutanisha tena.

Siku hizo hizo akapiga simu bwana mmoja anayejiita mtaalamu wa kupandisha tovuti. Alitaka shilingi milioni moja na laki mbili, nusu itangulie, na akaahidi kwamba ndani ya siku thelathini mtu yeyote akitafuta programu za biashara katika Google, jina la vijana wetu litatokea la kwanza kabisa. Vijana walishawishika. Mmoja alikuwa tayari kuuza pikipiki yake. Binti akaja kwangu akaniomba nusu ya fedha zile kutoka kwenye mgao wangu wa kikoba.

Sasa mimi, mtu akiniletea dawa ngeni, nauliza kwanza inafanyaje kazi mwilini. Nikamwambia, "Mwanangu, fedha tutazizungumza. Kwanza nieleze, huyo Google anajuaje nani awe wa kwanza?" Akanieleza kwa jioni mbili, jikoni, mimi nikichambua mchele. Nitakusimulia kama nilivyoelewa, kwa lugha ya hospitali.

Kila hospitali ina masijala. Mgonjwa akifika, karani hatembei wodi zote akiuliza kama kuna anayemfahamu. Anafungua kumbukumbu zake, anatafuta jina, anavuta jalada. Google nayo ina mitambo inayotembea usiku na mchana kutoka ukurasa mmoja wa intaneti hadi mwingine, ikifuata viungo vilivyowekwa ndani ya kurasa hizo, ikisoma maneno na kuyaandika katika kumbukumbu kubwa mno. Wewe ukiandika swali katika simu yako, Google haikimbii kuzunguka dunia saa ile. Inafungua masijala yake. Kwa hiyo ukurasa ambao haujaandikwa mle ni sawa na mgonjwa asiye na jalada: yupo kwenye benchi, anaumwa kweli, lakini jina lake haliitwi.

Hilo ni la kwanza. La pili ni mpangilio: kati ya majalada elfu, lipi litolewe mwanzo? Walioanzisha Google, Larry Page na Sergey Brin, walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko California, na kampuni yao waliiunda mwaka 1998. Wazo lao lilikuwa hili, kwamba ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine, hasa zenye kuheshimika, unastahili uzito zaidi. Hakuna mama asiyelifahamu wazo hilo. Ukihamia mtaa mpya na unataka fundi wa kushona sare za shule, hufuati bango kubwa. Unauliza majirani watatu, na jina linalotajwa na wote ndilo unaloliendea. Siku hizi mtambo unaangalia mambo mengine mengi pia: maneno yaliyomo, mahali alipo anayeuliza, na kama ukurasa unafunguka vizuri katika simu.

Nikamuuliza, "Na fedha zinaingia wapi katika kupanga huko?" Akanyamaza kidogo. "Haziingii, mama." Yapo matangazo ya kulipia, hayo hukaa mahali pake na huwekewa alama ya kuonyesha kwamba ni matangazo. Lakini ile orodha ya kawaida hainunuliwi. Google yenyewe, katika maelekezo yake kwa wenye biashara, imeandika wazi kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza. Basi yule bwana alikuwa anauza kiti ambacho si chake.

Zaidi ya hayo, kuna hatari. Wajanja hununua viungo kutoka tovuti zisizo na maana ili ionekane kwamba biashara fulani inatajwa sana, au hujaza kurasa maneno ya kuudanganya mtambo ambayo mwanadamu hayaoni. Mwaka 2006 tovuti ya Ujerumani ya kampuni ya magari ya BMW iliondolewa katika Google kwa muda kwa sababu ya kurasa za namna hiyo. Mwaka 2011 duka kubwa la Marekani, J.C. Penney, lilishushwa baada ya gazeti la New York Times kufichua kwamba kulikuwa na viungo vya kulipiwa vilivyolipandisha. Mwaka uliofuata Google ikaongeza mtambo maalumu wa kuwabaini wanaofanya hivyo. Ikiwa wakubwa wale walikamatwa, chumba kimoja cha Kihonda kingejificha wapi? Fedha ya kikoba ikabaki mahali pake, na pikipiki haikuuzwa.

Lakini kukataa udanganyifu hakuleti mteja. Jumamosi moja nikamwambia binti afungue tovuti yao, nami nikavaa miwani.

Katika kile kijina kinachoonekana juu kabisa ya ukurasa, ambacho ndicho Google hukitumia mara nyingi kama kichwa cha habari katika orodha yake, kulikuwa na neno moja la Kiingereza: Home. Hebu fikiri, mama mwenzangu. Ni kama kwenda masijala na jalada lenye jina "Mgonjwa". Chini yake ilikuwapo picha ya wazungu wawili waliovaa tai wakipeana mikono mbele ya maghorofa. Kisha sentensi ndefu ya Kiingereza, maana yake kwamba wao wanatoa suluhisho bunifu za kidijitali kwa ajili ya kesho iliyo bora. Nikauliza, "Nani ameandika haya?" Akacheka. "Kila kampuni huandika hivi, mama."

Hapo ndipo niliposema neno ambalo nadhani ndilo kiini cha mambo yote haya. Katika miaka yangu yote sijapata kumwona mgonjwa aliyefika dirishani akasema ana shinikizo la juu la damu. Husema ana presha. Mama hasemi mtoto wake ana upungufu wa damu, husema mtoto hana damu. Mwanafunzi wa uuguzi anaweza kumweleza mama habari za malaria kali nusu saa nzima huku mama anawaza degedege, na wote wawili wanasema juu ya mtoto yule yule bila kukutana. Anayeshindwa kulijua neno la mgonjwa hawezi kumsaidia, hata awe na vyeti vingapi. Na mtu anayetafuta kitu katika simu yake, usiku, peke yake, huandika neno lake mwenyewe. Haandiki neno la mwenye kampuni.

Chukua duka la dawa. Zamani maduka madogo ya dawa tuliyaita maduka ya dawa baridi. Mwaka 2003 serikali ilianza mpango mpya mkoani Ruvuma, yakaanza kuitwa maduka ya dawa muhimu, na baadaye mpango ukaenea mikoa mingine. Lakini wenye umri wangu bado wanasema dawa baridi. Vijana wanasema famasi, hata kwa duka ambalo kisheria si famasi. Mwingine huandika Kiingereza, kwa kuwa leseni yake na vitabu vya shule vimemzoesha hivyo. Watu wote hao wanatafuta programu ile ile, na tovuti ya binti yangu haikuwa na hata moja ya maneno yao.

Tukafanya kazi ya miguu. Nilinunua daftari la mistari, na kila nilipokutana na mwenye duka, au mweka hazina wa kikoba, au akina mama baada ya ibada, niliuliza swali moja: ungetaka simu au kompyuta ikusaidie kutunza hesabu, ungeandika maneno gani katika Google? Nilimwomba aandike mwenyewe, kwa mkono wake. Wakaandika: programu ya duka. Jinsi ya kujua faida ya duka. Daftari la kikoba kwenye simu. Jinsi ya kugawana fedha za kikoba mwisho wa mwaka. Mfumo wa dawa bei gani. Mmoja aliandika daftali, kwa herufi l, na binti akasema hilo nalo ni muhimu kulijua, ingawa siku hizi mtambo huelewa makosa madogo. Kwa wiki tatu daftari lile lilijaa kurasa kumi na moja. Neno suluhisho halikuonekana hata mara moja.

Binti naye akaongeza njia yake. Ukianza kuandika katika Google, inakumalizia sentensi kwa kufuata yale ambayo watu wengine wamekuwa wakiyatafuta. Alikaa akiandika "programu ya", "jinsi ya kutunza", "mfumo wa", akinakili kila kilichotokea. Akagundua pia jambo la kutia moyo: kwa Kiswahili kurasa zinazojibu maswali haya ni chache. Kwa Kiingereza ungeshindana na kampuni za India na Marekani zenye waandishi wa kulipwa. Kwa Kiswahili, mtu akiuliza namna ya kugawana faida ya kikoba, wanaomjibu vizuri wanahesabika kwa vidole.

Wakaiandika tovuti upya. Badala ya ukurasa mmoja unaosema kila kitu, kila hitaji likapata ukurasa wake na kichwa chake: programu ya duka la dawa, programu ya kikoba, programu ya zahanati. Juu ya kila kimoja yakawekwa maneno ya wale watu wa daftari, kwa sentensi za kawaida, si kwa kuyarundika. Jina la Morogoro likaandikwa, na Kihonda, pamoja na alama za njia ambazo dereva wa bodaboda angezielewa.

Bei tulibishana. Vijana walitaka kuandika "wasiliana nasi kwa bei", kama wafanyavyo wenzao wote. Mimi nilisema mama anayeuza nyanya soko la Chifu Kingalu hafichi bei ya fungu, na anayeficha hupitwa. Isitoshe, katika daftari letu swali la bei lilirudiwa kuliko jingine lolote. Wakaandika bei. Wa pikipiki alinuna siku mbili.

Ukurasa wa kikoba ndio uliokuja kuwa na nguvu kuliko zote, na sababu yake si programu. Binti aliandika mle maelezo ya bure. Alieleza kwamba kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi vya kijamii vya fedha vimewekwa daraja la nne na vinatakiwa kusajiliwa. Akaeleza kikundi kinapaswa kutunza kumbukumbu zipi: hisa, mikopo na marejesho, mfuko wa jamii, faini. Akatoa mfano wa kugawana mwishoni mwa mwaka, kwa tarakimu, hatua kwa hatua, mfano ambao mweka hazina wetu wa kanisani aliukagua na kuurekebisha mara mbili. Mtu anaweza kuusoma ukurasa ule, akatumia daftari lake la kawaida, asinunue kitu. Wengi hufanya hivyo. Lakini ndio hao wanaowatumia wenzao, na ndio hao ambao kikundi kikikua na daftari likianza kuwagombanisha, hukumbuka mahali waliposoma.

Lipo jambo la uzito wa kurasa, ambalo sikulielewa mpaka nilipokwenda Mgeta. Wanaopajua wanajua. Barabara inapanda kwa kona mfululizo, baridi inakupokea, na pande zote ni matuta ya kabichi, njegere na viazi yaliyokatwa katika miteremko ya Uluguru. Ukiwa mjini Morogoro unaiona minara ya mawasiliano kileleni Bondwa, unadhani mlima mzima una intaneti. Huko ndani ya mabonde sivyo. Tulikuwa tumekwenda na umoja wa wanawake kumfariji mwenzetu aliyefiwa, na siku ya pili nikaingia duka la dawa la mama mmoja wa makamo. Baada ya salamu na habari za nyumbani nikamwomba afungue tovuti ya vijana katika simu yake. Tulisubiri. Akahudumia mteja mmoja, akahudumia wa pili. Ile picha ya wazungu ilikuwa bado inashuka taratibu kama pazia. Mwishowe akaifunga. "Dada yangu," akasema, "hii itanimalizia bando, na bado sijajua wanauza nini."

Nilipomsimulia binti aliona haya, kisha akaniambia kwamba tangu mwaka 2018 Google huhesabu pia mwendo wa ukurasa kwa wanaotafuta kwa simu, na siku hizi husoma zaidi sura ya tovuti inavyoonekana katika simu kuliko katika kompyuta. Picha ile ikaondolewa. Badala yake wakapiga picha ya mlango wa ofisi yao, na milima nyuma yake, wakaipunguza ukubwa hata ikawa nyepesi kuliko picha tunazotumiana kwa simu. Mama wa Mgeta alijaribu tena, ikafunguka. Akapiga simu kuuliza kama programu inafanya kazi mtandao ukikatika. Inafanya. Akawa mteja wa saba.

Kuna na ramani. Google humruhusu mwenye biashara kuandikisha ofisi yake bure ili ionekane katika ramani, na saa za kazi, namba ya simu na picha. Humtaka athibitishe kwamba biashara ipo kweli, na kwa vijana wetu ilikuwa kwa kupiga video ya kibao cha nje, mlango na meza za kazi. (Vijana wakagundua kwamba hawakuwa na kibao. Fundi wa Msamvu akawachorea.) Walikuta pia namba ya simu waliyokwisha kuiacha bado imeandikwa katika ukurasa wao wa Facebook, na jina limeandikwa kwa namna tatu tofauti mahali patatu. Hilo lilirekebishwa siku moja. Mgonjwa mwenye majina matatu hupoteza vipimo vyake, sina haja ya kueleza zaidi.

Katika ramani hiyo wateja huandika maoni na kutoa nyota. Mmoja wa vijana alitaka shangazi, binamu na wanakwaya waandike sifa, na aliyeandika apewe vocha ya simu. Nilikataa, na binti akakataa pamoja nami. Google inakataza kutoa zawadi ili usifiwe. Lakini hata isingekataza, shahidi ambaye hajaiona programu atashuhudia nini? Wakawaomba wateja wao halisi. Wanne waliandika. Mmoja wao alilalamika kwamba Jumamosi simu haipokelewi, wakati Jumamosi ndiyo siku ya vikao vya vikoba. Maneno yake yakaachwa pale pale, akajibiwa kwa heshima, na tangu hapo wanapokezana kukaa na simu siku hiyo. Nimesikia mteja mpya akisema kwamba lalamiko lile na jibu lake ndivyo vilivyompa imani.

Kitu kimoja nilikisimamia kwa ukali. Ili kuonyesha programu ya zahanati, walikuwa wamepiga picha ya kioo cha kompyuta ya mteja na kuiweka katika tovuti. Ukiikuza, majina ya wagonjwa yanasomeka, na ugonjwa wa kila mmoja pembeni. Nilihisi damu yangu inachemka. Nilisimama pale mpaka ikaondolewa, na mwenye zahanati akaambiwa. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zina ulinzi wa pekee. Lakini kwangu mimi siri ya mgonjwa ilikuwapo kabla ya sheria hiyo. Na ukumbuke, ule mtambo unaosoma kurasa husoma na kutunza kila inachokikuta. Walitengeneza picha nyingine yenye wagonjwa wa kubuni.

Viungo kutoka kwingine vilikuja polepole, kwa njia za haki. Shule moja ya sekondari waliyoitengenezea programu ya ada iliwataja katika tovuti yake. Chama cha wenye maduka ya dawa wilayani kiliwaalika kufundisha nusu siku, na mwaliko ukatangazwa mtandaoni. Ninavyoona, jina lililotajwa na watu wawili uliowatumikia ni bora kuliko mia uliowanunua. Niongeze hapa kwamba sifa tunazopeana katika makundi yetu ya WhatsApp, hata ziwe nyingi, mtambo wa Google hauzisomi, kwa kuwa ni mazungumzo ya faragha. Zinafaa kwa wanaokufahamu. Asiyekufahamu atakutafuta kwingine.

Ipo zana ya bure inaitwa Search Console, Google huitoa kwa mwenye tovuti, nayo huonyesha watu waliandika maneno gani hata wakakuona, na wangapi walibonyeza. Binti alikuwa ananiletea simu kila Ijumaa kama anavyoleta muuguzi wa zamu ripoti ya usiku. Mwezi wa kwanza hapakuwa na kitu. Wa pili, watu tisa. Vijana wakaanza kunung'unika, na jina la yule bwana wa milioni likatajwa tena. Niliwaambia mimba haiharakishwi, wakanyamaza. Mwezi wa nne walibonyeza watu zaidi ya mia, na wengi walikuwa wameandika maneno yale yale ya daftari langu: daftari la kikoba kwenye simu, kugawana fedha za kikoba. Simu ya kwanza ya mtu tusiyemfahamu kabisa ilitoka Ifakara. Ya pili Songea. Kisha kikundi cha akina mama wa Kigamboni, ambao mwenyekiti wao alipanda treni ya asubuhi kuja kuiona ofisi kwa macho yake kabla ya kutoa fedha, na sikumlaumu.

Sitaki udhani mambo yamenyooka. Sasa watu wengi huuliza mashine zinazojibu zenyewe, kama ChatGPT, na Google nayo tangu mwaka 2024 imeanza kuandika jibu lake juu ya orodha kwa maswali mengi, hivyo msomaji anaweza kupata alichotaka bila kufika katika tovuti ya mtu. Binti analiwaza sana hilo. Ameona kwamba mashine hizo nazo huokota majibu katika kurasa zilizoandikwa wazi, na mara nyingine hutaja zilikotoa, basi anaendelea kuandika wazi. Lakini kuna usiku namwona amekaa na simu mkononi, taa imezimwa.

Desemba ilipofika walikuwa na wateja kumi na wanne. Baba yao aliomba aletewe daftari la mapato, akalisoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa, akirudi nyuma mara kwa mara. Kodi ilikuwa imelipwa. Ada ya mdogo wake haikutoka huko, ilitoka kwangu na kwake baba, na hilo binti alilisema mwenyewe kabla hajaulizwa. Mume wangu akafunga daftari. "Hadi Juni," akasema, akaomba chai.

Sasa wanaandika upya ukurasa wa zahanati, na binti amenituma kwa wauguzi wenzangu kukusanya maneno yao. Hadi sasa ninayo ishirini na mawili. Lililorudiwa zaidi ni "mfumo usiokwamakwama".